Barua kwa shoga yangu: mstari ule mwekundu ni dhahabu

Wete, Pemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Masika yametufungia ndani wiki nzima, na ndiyo iliyonipa nafasi ya kukaa kitako nikujibu.

Unasema mwanao amemaliza kidato cha sita na hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini, anataka nanoteknolojia tu, ile elimu ya vitu vidogo mno, na baba yake anaona ni upepo mtupu. Ukaniuliza mimi, kwa kuwa nashinda maabara, kama pana kitu pale.

Kipo, shoga yangu. Tena nakishika kwa mikono yangu kila siku.

Kwanza udogo wenyewe. Unakumbuka hina tuliyopakwa kwa harusi ya dada yako? Wiki tatu baadaye kwenye shina la kucha pakatokeza ukingo mweupe, tukasikitika kwamba inatuacha. Basi kucha, kwa sekunde moja, huota takriban nanomita moja. Chukua mita, igawe mafungu bilioni moja, fungu moja ndilo hilo. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi, na watu wa fani hii wanashughulika na vitu vya kati ya nanomita 1 na 100.

Sasa njoo kwangu maabara. Mtoto analetwa na homa, kafunikwa khanga, macho yamemlegea. Namtoboa kidole, natia tone la damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, nadondoshea maji yake, nasubiri robo saa au zaidi kidogo. Mama hanitazami mimi, anatazama kile kidirisha: mstari mmoja kwenye C, wa kuonyesha kipimo ni kizima, au na wa pili kwenye T, wa malaria yenyewe? Miaka yote hiyo nimeusoma mstari ule nikidhani ni rangi tu, kama wino. Kumbe mara nyingi ni dhahabu! Dhahabu ileile ya vipuli vyako, ila imefanywa chembe za makumi machache tu ya nanomita, na ikifika udogo huo huacha umanjano wake, ikawa nyekundu kama maji ya rozela. Chembe hizo zimevishwa kingamwili zinazonasa protini ya kijidudu cha malaria. Kijidudu kikiwemo, dhahabu hunaswa pale kwenye T, zikirundikana chembe nyingi mno hadi jicho likaona mstari. Michael Faraday kule Uingereza aliuchunguza wekundu huu wa dhahabu tangu mwaka 1857, na chembe zenyewe hakuwa na njia ya kuziona.

Hapo ndipo ninapotaka mumeo atege sikio. Kilichokosekana ni chombo. Hadubini yangu, kwa lenzi yake kubwa na tone la mafuta, hunionyesha kijidudu ndani ya chembe nyekundu ya damu, bayana kabisa. Lakini vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi haivipambanui, na hata lenzi ingekuwa nzuri namna gani isingesaidia. Mwanga wenyewe ndio unaoshindwa, mawimbi yake ni mapana mno. Huvui dagaa kwa jarife. Mwaka 1931 Ernst Ruska na Max Knoll, huko Berlin, wakatumia elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, badala ya mwanga, na macho ya wavu yakawa madogo.

Kisha mwaka 1981, karibu na Zurich, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer wakaacha kutazama, wakapapasa. Ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Walichukua sindano iliyochongoka hadi nchani inaishia atomu moja, wakaishusha juu ya kitu mpaka ikabaki chini ya nanomita moja, bila kugusa. Umeme ukaruka pengo lile. Pengo likizidi kwa sehemu ya kumi tu ya nanomita, umeme unapungua kama mara kumi. Basi sindano ikipandishwa na kushushwa ili umeme usibadilike, kupanda na kushuka kwake ndiko kunakochora ramani, atomu zikaonekana kama vilima. Kinachoisogeza sindano ni kipande cha fuwele kinachotanuka au kunywea kidogo sana kikitiwa umeme. Mwaka 1986 walipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na mzee Ruska, na mwaka huohuo Binnig, Quate na Gerber wakaleta chombo ndugu yake kinachohisi nguvu badala ya umeme, hivyo hata kitu kisichopitisha umeme kinapapasika.

Miaka mitatu baadaye Don Eigler, California, kwenye baridi kali mno, aliivuta kwa sindano kama hiyo atomu moja moja hadi atomu 35 za gesi ya zenoni zikaandika herufi tatu za jina la kampuni yake. Nilipoiona picha ile nililia, wallahi.

Zile hadithi za vimashine vinavyoogelea mishipani kuponya kila maradhi, mwambie mwanao aziweke kando kwanza. Aangalie yaliyokwishafika. Chanjo za Pfizer na Moderna za Uviko zilibebwa ndani ya vitone vya mafuta vya nanomita 100 hivi. Na hapa kwetu Tanzania, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitengeneza chujio la maji la mchanga na chembe za nano, likampa tuzo ya uhandisi ya Afrika ya mwaka 2015 kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ukiwa umewaona watu wa kule ambao floridi ya maji imewaharibu meno, utaelewa kwa nini namtaja. Madhara ya chembe ndogo hivyo zikivutwa mapafuni nayo yanachunguzwa, na hilo pia asilidharau.

Mimi ningependa aende kwenye vyombo. Pahala nilipowahi kufanya kazi, kuvu iliingia kwenye lenzi kwa huu unyevu wetu wa pwani, tukakaa miezi miwili hatusomi slaidi, na hakuna aliyejua kuifungua. Wagonjwa wakawa wanarudishwa. Sijasahau nyuso zao.

Basi mlete kabla hajajaza fomu za chuo. Apande boti hadi Mkoani, nitamtuma mtu ampokee. Asubuhi atakaa na mimi kwenye hadubini, nimwekee slaidi ahesabu vijidudu mwenyewe, halafu nimpe kipimo kilichokwisha tumika akitazame vizuri mstari wake. Na baba yake akitaka kuja, karibu sana, chumba kipo.

Nisalimie mama. Mwambie karafuu kavu alizoniagiza nimezitenga.

Wako akupendae,
Shoga yako wa Wete