Hasani, kuhusu ile kamera yako

Hasani ndugu yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku Tokyo inataka kunitoa roho. Shikamoo yangu imfikie mama, na Mzee Kombo mwambie redio yake sijaisahau.

Pesa zako zimefika, kwa hiyo acha kumwambia Salma kwamba nimezila. Ninazo zote. Nimeshaenda Shinjuku kwenye maduka ya kamera zilizotumika, na hiyo uliyoiagiza ipo, na lenzi yake ndefu kama mtarimbo. Nimeishika, nimeipima uzito, nimeirudisha kabatini. Sijanunua. Usipandwe na presha, soma kwanza.

Nilipotoka pale nikapitia Jimbocho, mtaa wa maduka ya vitabu vikuukuu, nikakuta kitabu cha picha cha Daido Moriyama, mpiga picha wa Kijapani. Jina huenda hulijui, lakini yule mbwa wake nina hakika umeshamwona mahali. Alimpiga picha mwaka 1971 huko Misawa, kaskazini, mji wenye kambi ya jeshi la anga la Marekani. Mbwa koko amegeuza kichwa kumwangalia mpiga picha, mdomo wazi kidogo, manyoya yamejaa chengachenga, na sehemu kubwa ya uso imezama kwenye weusi. Huwezi kujua anataka kuuma au anaomba. Nimesimama nayo mpaka mwenye duka akaanza kukohoa. Bei ya kitabu chenyewe usiniulize.

Sasa ndiyo nikakukumbuka wewe na ile picha yako ya kivuko cha Pangani. Wale wabeba mizigo wakati wa magharibi, yule mmoja hana uso, ni mwendo mtupu. Ukaniambia utaifuta kwa sababu imetikisika! Hasani, usinifanyie hivyo. Huyu mzee amejenga jina kwa picha za namna hiyohiyo: zimetikisika, zimepinda, fokasi haipo, nyeusi na nyeupe zimegongana bila rangi ya kati. Mara nyingi hata haweki jicho kwenye kamera, anapiga huku anatembea, mkono uko kiunoni.

Lakini usidhani ni mtu wa kubahatisha. Amezaliwa 1938 Ikeda, jimbo la Osaka, akaanza na kazi ya usanifu wa michoro ya matangazo. Mwaka 1961 akaja Tokyo akitaka kujiunga na kundi la wapiga picha la VIVO, akakuta wenyewe ndio wanafunga virago. Mwingine angepanda treni akarudi kwao. Yeye akawa msaidizi wa mpiga picha Eikoh Hosoe kwa miaka mitatu, wakati Hosoe akimpiga picha mwandishi Yukio Mishima. Huko chumba cha giza ndiko alikokomaa, na ule weusi wake mzito hautoki barabarani, unatengenezwa kwenye kusafisha picha. Ndiyo maana vijana wanaotikisa simu na kusema ni mtindo wananichekesha.

Baadaye kukaja jarida la picha la Provoke, lililoanza 1968, wakati wanafunzi wa Tokyo wanapambana na polisi mitaani. Yeye aliingia kwenye toleo la pili, na matoleo yenyewe yalikuwa matatu tu, basi, likafa. Matatu! Na hadi leo watu wanalizungumza. Halafu 1972 akatoa kitabu cha kuiaga picha yenyewe: vipande vya filamu vilivyoungua kwa mwanga, negativu zenye mikwaruzo, vitu ambavyo wewe na mimi tungetupa jalalani. Baada ya hapo akakwama. Miaka ya sabini ilimwendea vibaya, mpaka 1982 ndipo akaibuka tena na kitabu kuhusu mwanga na kivuli. Hapo ndipo ninapompenda zaidi, maana hata yeye alifika mahali akachoka na kamera, kama wewe mwezi uliopita na yale maneno yako ya kwenda kuuza vipuri.

Kuna jambo moja linanikera kwake, nikwambie ukweli. Anawapiga watu picha bila kuwaomba. Wanawake, walevi, wapita njia wa Kabukicho, mtaa wa starehe za usiku huko Shinjuku. Angefanya hivyo Kariakoo angerudi na mkanda wa kamera bila kamera. Nami sijui ningesemaje kama angekuwa dada yangu ndiye ametokezewa ghafla na… basi, tuyaache. Picha ni nzuri, na bado linanikera, yote mawili.

Turudi kwenye pesa zako. Kwa miaka mingi Moriyama ametumia kamera ndogo za Ricoh GR, zile zinazoingia mfukoni. Lenzi ni moja, haivuti, ukitaka kumwona mtu kwa karibu unamsogelea kwa miguu yako. Pale Shinjuku zipo zilizotumika, na ukichukua ya toleo la zamani chenji inabaki. Najua utakachosema: bibi harusi halipi picha isiyo na uso. Kweli kabisa, na ile kamera uliyo nayo inatosha kwa harusi, Bi Zena mwenyewe alisifu picha za mwanawe. Ila huu mtarimbo unaoutaka utautumia wapi? Pangani hutautoa kwenye begi, watu wataganda wote na kupanga mabega kama wako studio.

Uamuzi ni wako, pesa ni zako, mimi ni mkono tu. Ila nijibu mapema, Jumamosi narudi mjini. Ninunue ipi? Ile picha ya kivuko bado ipo, au kidole chako kimeshafanya kazi? Kama ipo, unitumie faili kamili, siyo ya WhatsApp? Yule mteja wa Muheza amemalizia deni? Na je, ni kweli Rama ameoa, au ni maneno ya Salma?

Wako,
Idrisa

N.B. Ukiamua mtarimbo, nauli ya mzigo unalipa mwenyewe. Una kilo za kutosha.