Barua kwa mwanangu seremala, kazi zinapokauka

Asalaam aleikum mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hapa Muheza wazima, mvua imekolea. Umesema tangu masika yaanze hapo Keko, Dar, hamna oda ya maana na vijana wanashinda wamekaa juu ya benchi. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana haya yanataka yasomwe taratibu, daftari la hesabu likiwa wazi pembeni.

Kama una nafasi ya kushika jambo moja tu, shika hili: advansi si hela yako mpaka mteja amepokea kitu chake. Kazi zikipungua, hapa ndipo maseremala wengi wanapozama, na wanazama polepole bila kujua. Mteja wa kabati ametanguliza 400,000. Kodi ya karakana imefika, unachomoa 150,000 humo humo, na sasa mbao za kabati hazitimii. Wiki ijayo anakuja mteja wa meza, advansi yake inakwenda kumalizia kabati. Oda zikiwa nyingi hakuna anayeona shimo, kwa kuwa kila anayeingia anaziba la aliyetangulia. Mvua ikifunga mlango, mteja mpya haji, na shimo lote linakuangukia kwa siku moja: mbao huna, hela huna, simu inaita. Hapo fundi anaanza kuizima. Kinachofuata ni wito wa serikali ya mtaa, pengine polisi, na jina halirudi hata kiangazi kikirudi. Wengi wanaoitwa mafundi waongo hawakukusudia kumdhulumu mtu. Walianza na kodi ya mwezi mmoja.

Kwa hiyo advansi ikiingia, nunua mbao siku hiyo hiyo. Ziandike jina la mteja kwenye ncha kwa kalamu ya maki, zipige picha, mtumie pamoja na risiti. Kinachobaki kikae kwenye laini nyingine ya simu, si hii unayonunulia chakula. Wala usitaje "nusu kwa nusu" kwa mazoea. Piga hesabu ya vifaa vyote kwanza, na advansi iwe hiyo. Ikiwa vifaa ni asilimia 65 ya bei, basi omba asilimia 65 na umwonyeshe mteja kwenye karatasi inakwenda wapi. Akishaona mchanganuo, ubishi hupungua sana.

Sasa bei. Naona unashusha ili usikae bure, na huu ndio moyo wa fundi yeyote mwenye watoto. Ila lazima ujue mahali pa kusimama. Chukua kitanda cha 5 kwa 6 cha mninga, na badala ya tarakimu zangu weka zako. Tuseme mbao ni 320,000. Gundi, msasa, skrubu na vanishi 45,000. Kuranda na kuchana kwenye mashine 30,000. Msaidizi siku 4 kwa 10,000 ni 40,000. Guta la kupeleka 20,000. Kodi na umeme, tuseme 150,000 kwa mwezi, ukigawa kwa siku 25 za kazi unapata 6,000 kwa siku, siku 4 ni 24,000. Jumla 479,000, na hapo hujajilipa hata senti. Mkono wako kwa 25,000 kwa siku ni 100,000, kwa hiyo bei ya haki ni 579,000. Mteja akitaja 450,000 na ukakubali, umefanya kazi siku 4 bure na bado umemwongezea 29,000 kutoka mfukoni kwako. Kipindi hiki unaweza kujilipa nusu, ukasimama kwenye 529,000. Chini ya hapo ni afadhali ulale nyumbani, na chini ya 479,000 unatoboa mfuko wako.

Ila usimkatalie mkono mtupu. Akiwa hana hela, punguza mbao, usipunguze jasho lako. Chaga zitoke kwenye mninga ziwe paini: 11 za inchi 1 kwa 4 zinatosha urefu wa futi 6, nafasi kati yake isifike inchi 3, la sivyo godoro la sponji linazama. Mbao 6 za futi 12 zinakupa chaga 12, na kila ubao unakuachia kipande cha futi 2 cha kazi nyingine. Kichwa cha kitanda kiwe cha kawaida badala ya kuchongwa. Mhimili wa katikati na mguu wake usiuondoe hata akiomba. Bila huo, chaga zinavunjika na lawama ni yako.

Na usidharau mvua inavyoingia kwenye bei. Mbao zinazouzwa mwezi huu nyingi ni mbichi. Ukiunganisha hivyo hivyo, jua la Septemba litafungua viungo na paneli zitapasuka, na mteja atakuita urudie bila malipo. Ukipata mbao, zipange juu ya magogo mafupi, mbali na sakafu, chini ya paa penye upepo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene wa inchi 1, umbali wa futi 2, vikae mstari mmoja kutoka chini mpaka juu. Vikipishana, mbao zinajikunja. Ncha zipake rangi ya mafuta, kwa kuwa maji hutoka kwa kasi zaidi kwenye ncha na ndiko mipasuko inakoanzia. Kujua kama zimekauka, chukua kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya duka la jirani kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka, mbao zimefika pale hewa ya hapo inaporuhusu.

Lakari nayo usipulize mvua ikinyesha. Inakauka haraka, inapoa, inavuta unyevu wa hewani, na asubuhi unakuta utando mweupe kama ukungu juu ya mninga. Subiri mchana mkavu, piga makoti mepesi. Utando ukishatokea, mara nyingi koti jepesi la thina ya taratibu, ile inayokauka polepole, siku yenye jua huuondoa. Usikimbilie kukwangua yote.

Sasa nije kwenye mkate wa masika wenyewe, yaani matengenezo. Watu hawanunui vitanda vipya mwezi wa nne, ila milango yao inakwama mwezi huo huo. Kazi hizi hazitaki mtaji, zinalipwa papo hapo, na zinakufikisha ndani ya nyumba ambayo mwezi wa saba itataka kabati. Beba mfuko mmoja: tepu, nyundo, bisibisi, randa ndogo, patasi za nusu inchi na inchi 1, drili ya betri, gundi nyeupe, msasa namba 80 na 120, bawaba za inchi 4 jozi mbili, skrubu za inchi 1 na nusu na za inchi 3, chaki, na kopo dogo la rangi ya mafuta.

Mlango unaokwama, usianze na randa. Shika kitasa, uuinue. Ukicheza, tatizo ni bawaba ya juu: skrubu zimelegea, mlango umeshuka. Toa skrubu fupi, weka za inchi 3 zipenye fremu mpaka kwenye kitu kigumu nyuma yake, na mara nyingi umemaliza kwa robo saa. Ukiwa hauchezi, umevimba kweli. Paka chaki kwenye fremu, funga, fungua. Chaki ilipohamia ndipo panapogusa. Piga randa hapo tu, uache nafasi ya milimita 2 hivi. Fundi mwenye haraka anakula milimita 6, mteja anafurahi, halafu kiangazi mlango unasinyaa na mwanga unapita pembeni. Kisha uvue mlango na upake rangi ukingo wa juu na wa chini. Kingo hizo mbili karibu kila fundi huziacha wazi kwa kuwa hazionekani, na ndizo zinazonyonya maji kuliko uso wote wa mlango. Mwonyeshe mwenye nyumba kingo hizo kabla hujapaka. Atakukumbuka.

Kitanda kinacholia, tafuta mlio kwanza: mtu mmoja akitikise, wewe weka kiganja kwenye kila kiungo, utausikia mkononi. Bolti ikiwa imelegea, kaza na uongeze washa pana. Tundu likiwa limepanuka, lijaze kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, kesho yake toboa upya. Chaga zikiwa ndizo zinazosugua, kata vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli uvitandike chini yake. Kiti kinachoyumba hakitaki msumari, msumari unapasua ulimi wa kiungo. Kifungue kabisa, kwangua gundi ya zamani mpaka mbao ionekane, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu. Paka, unganisha, kifunge kwa kamba na kijiti cha kusokota kama huna klampu ndefu. Kisimamishe juu ya sakafu sawa kabla hakijakauka, na kikae mpaka kesho yake.

Kuna pia makabati ya mbao za unga, yaani MDF na chipbodi, yanayotoka nje. Najua mnayachukia kwa kuwa yanawachukulia wateja, lakini yanaharibika yakikutana na maji, na mwenye kabati hana pa kulipeleka. Sakafu chini ya sinki imevimba: kata, weka plaiwudi, ziba kingo zote kwa rangi. Bawaba imeng'oka na skrubu zake: panua tundu, pigilia kijiti chenye gundi, toboa upya. Usimwambie mteja alinunua takataka. Mwambie inatengenezeka na bei yake.

Wa kuwatafuta ni madalali na wasimamizi wa nyumba za kupanga, kwa sababu kila mpangaji akihama kuna kitasa, mlango na kabati; wenye gesti, ambao vitanda vyao vinalia vyote kwa pamoja; na shule. Shule ziendee sasa, kabla ya likizo ya Juni. Hesabu madawati mabovu mwenyewe, andika ubao gani na skrubu ngapi, mwachie mwalimu mkuu karatasi. Kazi za serikali, za milango, fremu na kenchi za madarasa, siku hizi zinapitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, kwa hiyo jisajili wakati huna kazi. Ila taasisi hulipa baadaye. Usiingize humo mtaji wako wote.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nao wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti cha ujuzi wake. Ulizia, huu ndio muda wake.

Siku ambazo hata matengenezo hayapo, nenda kwa seremala mwenzako mwenye kazi ukafanye deiwaka, kibarua cha siku. Hakuna aibu humo. Ila mteja wake akikuomba namba ya simu, mpe ya mwenye karakana. Kwa vipande vilivyobaki tengeneza vitu vidogo vinavyoondoka ndani ya wiki: stuli, vibao vya kukatia, mbuzi za kukunia nazi. Kabati la mfano la kuweka barazani lisubiri msimu, litafungia hela unayohitaji kwa unga.

Mikopo ya kausha damu nakukataza kabisa. Hesabu iko hivi: wanakupa 200,000, unarudisha 10,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 260,000 kabla mwezi haujaisha. Mbaya zaidi ya hiyo 60,000 ni lile neno "kila siku". Hela ya seremala huja kwa mkupuo, leo laki tatu halafu wiki mbili kimya, na deni la kila siku litakufuata kwenye wiki hizo za kimya mpaka uguse advansi ya mtu. Ukibanwa, uza mbao zako mwenyewe zilizokauka, au nenda kwenye kikoba. Mashine ya kuranda usiiuze. Anayeinunua kwenye masika anajua una njaa, na mwezi wa saba utakuwa unalipia kuranda kwa jirani. Mkigundua vijana watano hapo mnaaminiana kweli, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata habari za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Asilimia 4 ni ya vijana, na haina riba.

Mwisho, fungua daftari la mwaka jana utoe majina ya wote uliowatengenezea kitu. Watumie ujumbe mmoja mmoja, usitume wa jumla. Andika hivi: "Shikamoo mama. Ni fundi wako wa kabati la nguo. Mvua hizi droo zinaweza kubana. Nikipita maeneo ya kwako nitaziangalia bila malipo. Nipite lini?" Nenda kweli, na usidai hela ya droo.

Yule mteja wa seti ya sebuleni uliyenieleza, usimjibu bei bado. Niandikie kwanza mchanganuo wako: mbao, mashine, msaidizi, usafiri, siku. Nitaupitia usiku huo huo nikupigie. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama lile turubai la karakana mmeshaliziba.

Baba yako