Harambee ya viatu na kosta ya Musoma: timu yetu ya viziwi

Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na wazee wangu mwangaluka. Najua mkiona ujumbe wangu mnasema huyu kaja kuomba tena, na kweli nimekuja kuomba tena, aibu ninayo ila shida imeizidi aibu.

Jumamosi asubuhi kijana wetu namba 8 kakanyaga ndoano. Mazoezi tunafanyia ufukweni kule wanakoanika dagaa maana uwanja tuliokuwa tunatumia siku hizi wanataka hela, tena inabidi tuwahi kabla wenye dagaa hawajaja kutufukuza, na mchanga ule una ndoano, vipande vya chupa, kila takataka ya ziwani, na kati ya vijana 20 kumi na moja wanakimbia peku. Kachomwa sindano ya pepopunda, kafungwa bandeji, jioni yake kaja kukaa pembeni anatuonyesha kwa mikono tuendelee. Mimi nikageukia ziwani nikajifanya naangalia mitumbwi.

Ila mchanga wenyewe nao una faida. Sikio la ndani ndilo linalosikia na ndilo linaloshika balansi ya mwili, kwa hiyo aliyeziba masikio kwa homa ya uti wa mgongo utotoni mara nyingine na balansi inakuwa imeguswa, sio wote jamani, ila kwetu wapo wawili wakiruka kupiga kichwa walikuwa wanatua kama magunia. Kocha anawasimamisha mguu mmoja kwenye mchanga huku anawarushia mpira, miezi mitatu sasa, na wameanza kutua vizuri.

Halafu kuna hili linaniuma mpaka leo. Tulialikwa mahali vijana wapimwe stamina pamoja na timu nyingine, kipimo kile cha kukimbia mita 20 kwenda na kurudi, spika inalia tii, unageuka. Sasa kiziwi na spika wapi na wapi? Wakawa wanamchungulia mwenzao anayesikia kidogo, akitikisa bega ndio nao wanaondoka, kila mzunguko wamechelewa, wakatolewa mapema wote na karatasi ikaandikwa pumzi ndogo. Tukarudia wenyewe ufukweni, kila mlio kocha anapeperusha kanga ya mama mmoja, na huyo namba 8 alikimbia mpaka mkono wa kocha ukachoka kabla yake.

Kwenye mechi rasmi za viziwi refa anapunga bendera, vifaa vya kusikia vinavuliwa ili wote wawe sawa, na kucheza lazima uwe umepoteza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 55 au zaidi kwenye sikio lililo afadhali. Sio mambo mapya, 1924 viziwi walishakutana Paris kwa michezo yao na soka likiwemo, sisi mpaka leo kanga, tena ya kuazima.

Mahitaji: viatu jozi 20 kwa 35,000 ni 700,000, kosta ya Musoma kwenda na kurudi 650,000, mipira minne 180,000, bendera na taa mbili za kuwakia badala ya mlio 180,000, jumla 1,710,000. Mkononi tuna 412,500, bado 1,297,500. Risiti zote zitabandikwa ubao wa kanisa, hata ya maji ya kunywa.

Jezi mlitununulia nyinyi, mama ntilie wa Mabatini walitupikia uji bila kudai hata mia, wabeja sana, hatujasahau. Ila wapo waliosimama ibada ya pili wakaahidi jozi tano tano mbele ya watu wakapigiwa makofi, Mungu anawaona, na daftari ninalo mimi.

Namba ya mweka hazina ni ile ile ya jezi. Mwenye viatu vilivyotumika alete, saizi 40 mpaka 43, ila visiwe vilivyoachama mdomo kama sangara. Mwenye kosta anataka nusu ya hela Alhamisi saa kumi.