Bili ya saratani haiishii kwa keshia

Mhariri,

Kila tukiongelea gharama za saratani tunaishia kwenye bei ya dawa. Ni kweli kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, ni ghali, ila kuna bili nyingine haina hata risiti na ndio inayommaliza mtu taratibu, nimeiona nilipokuwa namuuguza dada yangu.

Chukua tiba ya mionzi, ile ya kuchoma saratani kwa mashine. Kwenye mashine unakaa dakika chache tu ila ratiba ni Jumatatu mpaka Ijumaa, pengine wiki 5 mfululizo, sasa anayeishi mbali itabidi apange chumba karibu na hospitali au alipe nauli kila siku, na akichoka hawezi kwenda peke yake, basi na anayemsindikiza naye anaacha kazi, vipato viwili vinakatika kwa mpigo. Dada alifika mahali analipia kemo halafu dawa za kuzuia kutapika anaziacha kwenye dirisha la dawa eti atavumilia. Akatapika usiku kucha, maji yakamwishia mwilini, tukarudi akalazwa na kuwekewa dripu, ile hela kidogo aliyookoa ikazaa bili kubwa zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba mengine yanaepukika. Utafiti wa Uingereza ulishaonyesha kwa saratani ya matiti ya hatua za mwanzo mionzi ya mara 15 kwa wiki 3 inafanya kazi vizuri kama ile ya mara 25 kwa wiki 5, na 2020 yakatoka matokeo ya mara 5 ndani ya wiki 1. Hata saratani iliyofika kwenye mifupa, dozi moja ya mionzi mara nyingi inatuliza maumivu sawa na dozi nyingi. Sio kila mgonjwa anafaa, daktari ndiye anayejua, lakini basi amwambie kwamba hiyo njia ipo!

Serikali nazo zisijifiche. Shirika la Afya Duniani (WHO) walipouliza nchi 115, ni asilimia 39 tu zilizokuwa zinagharamia huduma za msingi za saratani kwa raia wote.

Ombi langu kwa hospitali: siku ya majibu ya biopsi, kile kipimo cha kukata kinyama, kabla mtu hajauza shamba, akalishwe chini aambiwe safari nzima, skani ngapi, kemo mizunguko mingapi, bima inalipa nini na inaacha nini, na dawa gani asithubutu kuiruka. Hesabu hiyo apewe kwenye karatasi aende nayo nyumbani wakae na familia.

Msomaji wenu