Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Programu ya kusoma picha za kifua ipimwe kwanza kwa wachimbaji

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mirerani, kwenye migodi ya tanzanaiti, ambako mtu akikohoa mwezi mzima jirani hashangai. Wanaapolo, yaani wachimbaji wetu, wanashuka shimoni, wanachoronga mwamba, wanalipua baruti, na vumbi wanalovuta lina silika, madini yaliyomo ndani ya mwamba. Silika ikishatua kwenye mapafu haitoki. Inaacha makovu, pumzi inapungua mwaka hadi mwaka, na dawa ya kuyaondoa makovu hayo haipo. Tena mapafu yaliyojaa silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mapafu mazima, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi yote mawili.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba programu za akili mnemba zinaweza kusoma picha za eksirei badala ya binadamu, katika kuchuja watu wa miaka 15 na kuendelea wanaoweza kuwa na TB. Naunga mkono kwa moyo wote. Madaktari bingwa wa radiolojia ni wachache na wengi wako mijini. Gari la eksirei likifika mgodini, programu inatoa jibu mtu akiwa bado anafunga vifungo vya shati.

Ila jibu lenyewe si "huyu ana TB". Ni alama tu, kwa baadhi ya programu kati ya 0 na 100, inayoonyesha picha hiyo inafanana kiasi gani na picha za wagonjwa ambazo programu ilifundishiwa. Binadamu ndiye anayeamua kuanzia alama ngapi mtu apelekwe kutoa makohozi. Hapo ndipo pananitia hofu. Makovu ya silika hupenda kukaa sehemu za juu za mapafu, palepale TB inapopenda. Makovu ya TB iliyokwisha kupona nayo huonekana kama TB mpya. Kikomo, yaani alama hiyo ya kuanzia, kilichopatikana kwa wakazi wa mjini kikiletwa huku kilivyo, wachimbaji wengi wasio na vimelea watapewa alama kubwa. Nacho kikipandishwa ili maabara isizidiwe na makohozi ya kupima, wenye TB halisi wataachwa, warudi shimoni kuambukiza wenzao.

Baba yangu mdogo alimeza dawa za TB miezi sita, akapumzika, akaanzishiwa tena, na makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vimelea. Picha tu ndiyo iliyomhukumu. Miaka ikapita kabla daktari mmoja hajamuuliza alifanya kazi gani ujanani.

Mheshimiwa, Hospitali ya Kibong'oto iko Siha, si mbali na sisi, na imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Naomba ipewe kazi hii: kabla programu haijaanza kutumika migodini, ijaribiwe kwa kusoma picha za wachimbaji ambao makohozi yao yamepimwa kwa GeneXpert, mashine ya maabara inayotambua vimelea vya TB, na kikomo chetu kitokane na majibu hayo. Fomu ya uchunguzi iulize mtu amefanya kazi gani na kwa miaka mingapi, kwa sababu picha peke yake haiwezi kusema. Na mwenye alama kubwa ambaye makohozi yake ni safi asiambiwe "huna tatizo, nenda nyumbani". Apimwe uwezo wa kupumua, aelezwe kuhusu vumbi, aandikwe kwenye daftari la kufuatiliwa. Mtu wa namna hiyo anaweza kukosa mlango wa kubisha hodi, maana wengi wetu hatuna hata mkataba wa kazi.

Picha zetu nazo ni mali yenye thamani kwa wanaotengeneza programu hizi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Zisipelekwe kwa kampuni yoyote bila mwenye kifua kuridhia.

Kikomo kitakachochaguliwa kitangazwe hadharani, pamoja na idadi ya wachimbaji waliopimwa ili kukipata, na kipimwe upya kila programu inapobadilishwa toleo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mirerani, Simanjiro