Malalamiko Kuhusu Kutolewa kwa Mabamba ya Kinga ya Tuba Yetu

Kwa Meneja,
Karakana ya Vyombo vya Muziki,
Dar es Salaam.

Unguja, 24 Februari 2025

Ndugu Meneja,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mtunza vyombo wa kikundi cha beni, bendi yetu ya matarumbeta na ngoma, hapa Ng'ambo, na ninakuandikia kwa niaba ya wenzangu baada ya simu tatu zisizozaa jibu la maana. Mwezi wa Disemba tulikuleteeni tuba yetu, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kwa boti ili zisafishwe pistoni, yaani vali zinazobonyezwa kwa vidole, zilizokuwa zikikwama, na kwa kazi hiyo hatuna la kusema: zinapanda na kushuka kama mpya. Lalamiko letu ni kwamba tuba ilirudi bila ya mabamba mawili yaliyokuwa yamelehemiwa kwenye mkunjo wa chini, wala waya mnene uliopita juu yake. Tulipouliza, fundi wenu alijibu kwamba hayo ni mapambo ya kizamani, na kwamba ameyatoa ili chombo kiwe chepesi na king'are vizuri.

Si mapambo. Bomba la tuba ni bati la shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, na unene wake mkunjoni kwa kawaida haufiki hata milimita 1. Mkunjo wa chini ndio unaoteseka zaidi: mpigaji akikaa huuegemeza kitini au pajani, akichoka hukitua chombo chini, na kwetu chini si zulia bali ni saruji ya baraza, mawe ya uchochoro na mchanga unaosugua kama msasa. Bamba limewekwa pale ili liliwe lenyewe badala ya bomba. Mara nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, ambao ni mgumu kuliko shaba njano, na hulehemiwa kwa risasi inayoyeyuka kwa moto mdogo, ili likishachakaa litolewe na kuwekwa jingine bila ya kuliharibu bomba. Waya nao hupokea pigo kabla halijafika kwenye bati. Wapo wapigaji wanaodai kwamba mabamba huifanya sauti kuwa nzito. Huo ni mjadala wao, na aliyetaka kuujaribu angetuuliza kwanza sisi wenye chombo. Ajabu ni kwamba kile kifuniko cha ngozi cha kwenye pistoni, kinachozuia jasho la mkono lisile shaba, fundi alikiacha. Hicho sijui alikiona kuwa ni nini.

Madhara hayakukawia. Katika harusi ya tatu tangu irudi, sauti za chini zilianza kutoka na upepo. Niliipindua tuba, nikapitisha kidole gumba kwenye mkunjo, nikakuta umebonyea kiasi cha upana wa kijiko cha chai, na pembeni yake pana tundu dogo kuliko punje ya mchele, palepale ambapo alama ya bamba bado inaonekana. Bati la hapo lilikuwa limeshapunguzwa na mashine iliyotumika kuondoa mabaki ya risasi. Tuliziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia na bwana harusi akafikishwa, lakini sabuni ililainika kwa unyevu wa pumzi kabla ya wimbo wa mwisho.

Ramadhani hatupigi, kwa hiyo tuba tutaileta wiki ya pili baada ya Idi. Kama mabamba yetu bado yapo, tunaomba yarudishwe mahali pake. Kama yalitupwa, yakatwe mapya na yakunjwe hadi yalale sawasawa juu ya bomba, pasibaki upenyo, kwa sababu unyevu wa chumvi wa hapa kisiwani ukijificha chini ya bamba hula shaba bila ya mtu kuona. Kuziba tundu, kunyoosha palipobonyea na nauli ya chombo kwenda na kurudi viwe juu yenu. Tunataka pia maandishi kwamba hakuna kitakachotolewa tena bila ya idhini yetu, na fundi yule asiiguse tuba kabla hajaisoma barua hii.

Wako,
Mtunza Vyombo