Karamu ya enzi za zamani ianze na mwaka, si mapambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu karamu za mchana zinazoandaliwa kwa mtindo wa zamani, ambazo wageni huja wamevaa kofia na glavu za enzi hizo, santuri inapigwa na meza imetandikwa ipasavyo, lakini chakula kikishaletwa enzi yote huvurugika. Nimewahi kuona karamu iliyotangazwa kuwa ya miaka ya 1920 ikihitimishwa kwa tiramisu, kitindamlo cha Kiitaliano kilichoanza kupata umaarufu miaka ya 1970.

Chanzo cha hayo, kwa maoni yangu, ni kupanga chakula cha “zamani” bila kuamua ni zamani ipi. Mwandaaji akishataja mwaka na nchi, orodha ya vyakula hujipanga karibu yenyewe. Tuchukue Uingereza ya 1943. Mgao wa chakula wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ulikuwa umeanza Januari 1940, mtu mzima alitarajia yai bichi moja tu kwa wiki, na mapishi mengi yalitegemea unga wa mayai kutoka Marekani. Mkate uliouzwa ulikuwa wa rangi ya kijivu, kwa kuwa unga ulisagwa pamoja na sehemu ya pumba. Hata kuzipamba keki kwa sukari kulikuwa kumepigwa marufuku, hivyo katika baadhi ya harusi keki ndogo isiyo na pambo lolote ilifichwa chini ya kifuniko cha karatasi ngumu kilichotengenezwa kifanane na keki ya ghorofa. Anayeandaa karamu ya mwaka huo na kuwapa wageni sandwichi za mkate mweupe zilizopakwa siagi nene ameukosa mwaka wenyewe. Pai ya Woolton, yaani viazi, karoti na mboga nyingine bila nyama, ingemfaa zaidi.

Akisogea miaka kumi tu mbele, mambo hubadilika. Juni 1953, siku Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa, wageni waliandaliwa kuku baridi katika sosi ya krimu na mayonezi iliyotiwa bizari, ingawa mgao wenyewe haukuisha hadi Julai 1954. Mlo huo unawafaa sana waandaaji wa leo, kwa sababu hupikwa mapema na hauhitaji kupashwa moto wageni wakiwa wameshaketi.

Anayechagua Marekani ya miaka ya 1920 akumbuke kwamba pombe ilipigwa marufuku nchini humo kuanzia 1920 hadi 1933, kwa hiyo bakuli la chai baridi iliyochanganywa na maji ya matunda ndilo litakaloonekana la kweli mezani. Saladi za jelatini nazo zina nafasi yake, kwani zilihitaji ubaridi ili zigande, na mwenye nyumba aliyeziandaa alikuwa pia akiwaonyesha wageni kwamba ana jokofu. Hata hivyo, nashauri ziwe kidogo: mboga zilizogandishwa ndani ya jelatini tamu hutazamwa na wengi, huliwa na wachache.

Uaminifu huo kwa historia usivuke mlango wa jikoni. Mayonezi ya mayai mabichi itengenezwe kwa mayai yaliyopasteurishwa, yaani yaliyopashwa joto kiasi cha kuua vijidudu bila kuiva, na kuku baridi asikae mezani zaidi ya saa mbili, hata kama wapishi wa wakati huo hawakujali.

Mwisho, Mhariri, nina ombi kwa ukurasa wako wa mapishi. Kila mnapochapisha pishi mnaloliita la kale, tafadhali andikeni pembeni yake nchi lilikotoka na mwaka au angalau muongo lilipoanza kupikwa, ili anayepanga karamu ajue kama linamfaa kabla hajaenda sokoni.

Msomaji wako,
Mpenda mapishi ya kale